Mtamba Mwenye Njaa Hashiki Mimba

Wafugaji wengi hulalamika kwamba mtamba wao ametimiza miaka mitatu na bado hajaonyesha dalili ya kutafuta dume. Wapo wamlaumuo fahali, na wapo wamshukuo jirani. Lakini mara nyingi kosa limo ndani ya hori.

Jambo hili laonekana wazi nchini Malawi. Katika wilaya ya Dowa, kilometa zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ipo Dzaleka, mahali palipokuwa gereza na ambapo tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi, hasa kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Miongoni mwao wamo waliolelewa katika jamii za wafugaji. Leo makazi hayo yana watu zaidi ya 50,000. Penye msongamano wa namna hiyo malisho huwa haba, kama yalivyo haba kandokando ya mji wa Lilongwe.

Mvua za huko hunyesha Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo majani hukauka na kupungukiwa na protini, na ndama aliyenawiri wakati wa mvua hukonda. Mwili wa mnyama hutumia chakula kwanza kulinda uhai, kisha kukua; uzazi huja mwisho. Chakula kikipungua, ubongo huacha kuziamuru ovari, mayai hayapevuki, na mtamba hatafuti dume.

Kwa hiyo mfugaji asihesabu miaka tu; atazame uzito. Mtamba apandishwe anapofikia kiasi cha asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Zebu ambaye akikomaa atakuwa na kilo 250, apandishwe akiwa na kilo zipatazo 150 hadi 160. Akitunzwa vibaya, huenda asizae mpaka miaka minne. Asiye na mizani atumie utepe wa kupimia kifua.

Matunzo huanza siku ya kuzaliwa. Ndama anyonye dang'a katika saa sita za kwanza, kwani ndiyo kinga yake. Kisha apate maziwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku: ndama wa kilo 30 apewe lita 3. Anayeuza maziwa yote na kumnyima ndama huuza pia maziwa ya miaka ijayo.

Kiangazi kina dawa yake. Wakati wa mavuno, mabua ya mahindi na majani ya karanga yakusanywe na kuwekwa mahali pakavu. Mabua yakatwekatwe, yachanganywe na pumba za mahindi. Majani ya lusina huongeza protini, ila yasizidi theluthi moja ya chakula. Chumvi ya madini na maji safi visikosekane kamwe.

Hata hivyo, tusimneneneshe mtamba kupita kiasi. Mafuta hujaa katika kiwele na kupunguza maziwa, na uzazi huwa mgumu.

Familia iliyonunua mtamba imewekeza akiba yake yote katika mnyama mmoja. Gunia la pumba lililowekwa mwezi Mei laweza kuiletea maziwa mwaka mzima mapema zaidi.