Mgonjwa wa akili asifungwe kamba

Tuseme uko Kipumbwi. Kijana mmoja mvuvi hajalala siku tatu. Anasema peke yake. Anadai majirani wanataka kumtilia sumu. Usiku anatoka nje na panga. Watu wanajaa uani. Mmoja anasema kijana ana pepo. Mwingine anasema amerogwa. Wa tatu analeta kamba.

Kamba ina madhara. Ikibana sana damu haipiti, na mkono waweza kuharibika. Tena mgonjwa anaamini kuwa watu wanataka kumwua. Akifungwa, anaona kumbe ni kweli.

Liko jambo jingine. Si kila anayechanganyikiwa ghafula ana ugonjwa wa akili. Malaria kali hupanda kichwani. Mwenye kisukari huweza kupungukiwa sukari mwilini. Mlevi wa siku nyingi akiacha pombe ghafula, huweza kuona vitu visivyokuwapo. Aliyeanguka mnazini akaumia kichwa naye ni hivyo hivyo. Watu hawa wakifungwa mpaka asubuhi wanaweza kufa, na dawa ipo.

Basi tufanyeje? Kwanza watu waondoke, hasa watoto na wanaocheka. Abaki mtu mmoja ambaye mgonjwa anamwamini: mama, kaka au rafiki yake wa chomboni. Aseme naye polepole. Asimbishie, wala asimkubalie kuwa kuna sumu. Amwambie tu, "Naona unaogopa. Niko hapa nawe." Asimzibie mlango. Wengine waondoe visu, shoka na dawa za kuulia wadudu. Panga likiwa mkononi mwake, msilinyang'anye kwa nguvu. Kaeni mbali, na mwenyekiti wa kitongoji aitwe.

Wakati huo mtu mwingine aende zahanati kumweleza muuguzi. Amwambie hali ilianza lini. Je, mgonjwa ana homa? Ameumia kichwa? Anakunywa pombe au kuvuta bangi? Kama ni mwanamke, je, amejifungua karibuni? Mzazi wa namna hii asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo. Maneno hayo humsaidia muuguzi kujua aanzie wapi.

Kuwafuata wagonjwa walipo si jambo geni. Katika mji wa Eugene, Marekani, kuanzia 1989 hadi 2025, watu wawili wasio na silaha walikwenda kwa gari: mmoja wa tiba, mmoja mshauri. Hapa kwetu, zamani wagonjwa wengi walipelekwa mbali, hadi Mirembe, Dodoma. Miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilijaribu njia nyingine. Wafanyakazi wa zahanati walifundishwa kutibu ugonjwa wa akili karibu na nyumbani.

Muuguzi akisema mgonjwa aende hospitali ya wilaya, pangeni safari vizuri. Watu wa Kipumbwi na Mkwaja lazima wavuke Mto Pangani. Mgonjwa aliyechafuka asipandishwe pikipiki, wala asitiwe katika mtumbwi mdogo. Tafuteni gari. Ndugu wawili wakae naye, mmoja kila upande. Wachukue dawa zote anazotumia. Kama kazi ni kubwa zaidi, iko hospitali ya Bombo mjini Tanga, na Lutindi huko Korogwe, ambayo imetunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na kwa mganga wa kienyeji je? Familia ikitaka dua, isomwe. Lakini dua haizuii kupimwa damu, na mgonjwa asipigwe wala asinyimwe chakula.

Akirudi nyumbani ataonekana mzima. Hapo ndipo wengi huacha dawa. Asiache mpaka muuguzi aseme. Ndugu waangalie usingizi wake. Akikesha usiku wa pili, apelekwe zahanati mapema, mchana, angali anasikia maneno ya watu.