Shira, Aisingi na Fondanti: Istilahi za Upambaji wa Biskuti

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona kurasa hizi, ambazo aghalabu hushughulikia istilahi za sheria, sayansi na utawala, safari hii zikijishughulisha na biskuti. Lakini lugha ya taifa haipimwi kwa istilahi za ofisini peke yake. Mwalimu wa sayansi kimu, mkufunzi wa chuo cha ufundi, mfasiri wa vijitabu vya upishi, na ofisa anayekagua maelezo ya pakiti za vyakula, wote wanahitaji maneno yenye mipaka iliyo wazi. Pale ambapo maneno hayana mipaka, unga huharibika, sukari hupotea bure, na pengine mlaji huuziwa kitu ambacho asingekubali kukitia kinywani.

Makala haya yanachunguza kazi moja ndogo, yaani kupamba biskuti za sukari za nyumbani kwa fondanti ya kusukuma. Kwa kazi hiyo tunakusudia kuonyesha kanuni moja: istilahi ya kazi ya mikono itokane na tabia ya kitu na kitendo kinachotendewa kitu hicho, wala isitokane na historia ya neno la kigeni.

1. Kitu chenyewe

Istilahi haiwezi kuundwa na mtu asiyekijua kitu. Kwa hiyo tuanze na kazi yenyewe.

Biskuti ya sukari ni andazi la Wamarekani, nao huioka hasa wakati wa Krismasi. Hutengenezwa kwa siagi, sukari, yai, unga wa ngano na vanila. Unga ukishachanganywa hupoozwa ili siagi igande, kisha husukumwa hadi kufikia unene wa milimita 6 hivi, na hukatwa maumbo ya nyota, moyo, mti au jani. Kitu cha kuumusha hutiwa kidogo sana au huachwa kabisa, kwa sababu biskuti ikiumuka, umbo lake hupotea. Huokwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi kwa muda wa dakika 8 hadi 12, kisha huachwa ipoe kabisa.

Fondanti ya kusukuma ni donge laini linalotengenezwa kwa sukari ya unga, shira ya glukosi, maji, gliserini na, mara nyingi, jelatini. Mpambaji hulikanda mpaka lilainike, hunyunyiza wanga kidogo juu ya kibao, kisha hulisukuma kwa kifimbo hadi unene wa milimita 3 hivi. Hukata kwa umbo lile lile alilokatia biskuti, huipaka biskuti maji kidogo au shira, na kuibandika fondanti juu yake. Biskuti ikiwa bado ina moto, fondanti hulegea na kuteleza. Fondanti ikiachwa wazi, hukauka na kupasuka; ndiyo maana sehemu isiyotumika hufunikwa vizuri kwa mfuko wa nailoni. Rangi inayofaa ni ile nzito kama ujiuji, inayochotwa kwa ncha ya kijiti cha meno, kwa kuwa rangi ya majimaji huilegeza fondanti na kuifanya inate.

Katika hali ya hewa ya mwambao, kama vile Tanga, Unguja au Mombasa, jambo jingine huongezeka: sukari huvuta unyevu wa hewani. Biskuti iliyopambwa ikitolewa kwenye jokofu, matone ya maji huifunika na pambo hunata. Kwa hiyo huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, nje ya jokofu.

2. Vitu vinne chini ya jina moja

Katika mazungumzo ya kila siku, karibu kila pambo tamu la keki au biskuti huitwa aisingi. Kwa mazungumzo hayo neno linatosha. Kwa mafunzo halitoshi, kwa maana linafunika vitu visivyofanana.

Cha kwanza ni shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji. Neno hili halihitaji kuundwa. Limo vinywani mwa kila mpishi wa kaimati.

Cha pili ni fondanti ya kumimina. Hii ni shira iliyochemshwa hadi kufikia nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi, ikapoozwa, kisha ikakorogwa kwa nguvu mpaka ikawa nyeupe na nzito. Hupashwa moto kidogo na kumiminwa juu ya keki ndogo. Mpishi wa visheti ataielewa mara moja. Anajua kwamba shira nzito ikikorogwa huku ikipoa huacha kuwa angavu, hubadilika kuwa nyeupe, na kuvivisha visheti ganda la sukari. Tofauti ni kwamba katika fondanti chembe za sukari ni ndogo mno hata ulimi hauzihisi.

Cha tatu ni aisingi ya ute. Hii ni ute wa yai uliopigwa pamoja na sukari ya unga. Huchorea mistari na maua kwa kukamuliwa katika mfuko wenye tundu, nayo hukauka na kuwa ngumu.

Cha nne ndicho fondanti ya kusukuma, ambayo haimiminwi wala haikamuliwi. Hukandwa, husukumwa na kukatwa kama unga wa chapati, na hubaki laini kwa ndani hata baada ya uso wake kukauka.

Sasa tuseme kwamba mfasiri ameandika katika kitabu cha wanafunzi sentensi hii: “Sukuma aisingi, kisha ikate.” Mwanafunzi anayejua aisingi ya ute peke yake atakuwa na bakuli la uji mweupe mbele yake, na kifimbo mkononi. Si yeye aliyekosea, wala si mapishi yaliyokosea. Kosa ni la istilahi.

3. Mitego ya tafsiri

Mtego wa kwanza ni asili ya neno. Neno fondanti limetoka katika kitenzi cha Kifaransa “fondre”, maana yake kuyeyuka. Mfasiri mwenye bidii ya kutafuta asili anaweza kuandika “sukari ya kuyeyuka”. Jina hilo lingeweza kuifaa fondanti ya kumimina, lakini ile ya kusukuma inatakiwa isiyeyuke kabisa. Imerithi jina la jamaa yake tu. Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Haitupi maana yake ya leo.

Mtego wa pili ni sifa yenye maana mbili. Huko Australia fondanti ya kusukuma imekuwa ikiitwa kwa jina lenye sifa ya “plastiki”. Maana iliyokusudiwa ni ile ya zamani, yaani kitu kinachofinyangika. Tukiandika “aisingi ya plastiki”, msomaji wetu atafikiria ndoo na mifuko, naye atakuwa na haki ya kukataa kula.

Mtego wa tatu ni majina ya heshima. Jina la Kiingereza la aisingi ya ute huitaja kuwa ya kifalme. “Aisingi ya kifalme” ni tafsiri sahihi ya maneno, lakini haimwambii mpishi lolote. “Aisingi ya ute” humwambia imetengenezwa kwa nini. Kadhalika sukari ya unga ina majina zaidi ya moja katika Kiingereza, na mojawapo huihusisha na watengenezaji wa peremende. Kwetu majina hayo yote yapewe neno moja, kwa sababu kitu ni kimoja.

Mtego wa nne ndio wenye hasara kubwa jikoni. Uingereza na Marekani hutumia maneno tofauti kwa wanga wa mahindi, na lile la Kiingereza cha Uingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa “unga wa mahindi”. Kwa Mswahili unga wa mahindi ni unga wa ugali. Mpambaji akiunyunyiza juu ya kibao, fondanti itajaa chembechembe na kuparuza kama msasa. Neno sahihi ni “wanga wa mahindi”.

Tuongeze neno “biskuti” lenyewe. Sisi tulilipokea kutoka katika Kiingereza cha Uingereza. Marekani neno hilo hilo hutumiwa kwa mkate mdogo laini ulioumuliwa, na biskuti yetu huitwa “cookie”. Kwa hiyo mfasiri aangalie kwanza kitabu kimechapishwa wapi, ndipo achague neno.

4. Vipimo

Kitabu cha Kimarekani kikisema tanuri iwe na joto la 350, kinakusudia Farenhaiti, yaani nyuzi 177 hivi za Selsiasi. Tarakimu hiyo ikinakiliwa bila kubadilishwa, maelekezo hayafuatiki. Nacho kikombe cha Kimarekani ni kipimo maalumu cha mililita 237 hivi, wala si kikombe chochote cha chai. Kikombe hicho kikijazwa unga wa ngano bila kushindiliwa, huwa na gramu 120 hadi 125. Inafaa mfasiri aandike gramu na mililita, kisha, akipenda, aongeze kipimo cha nyumbani.

5. Istilahi na haki ya mlaji

Hapa ndipo suala linapotoka jikoni na kuingia katika dhamana ya watumishi wa umma. Jelatini hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hasa nguruwe na ng’ombe. Kwa Mwislamu, na kwa mtu asiyekula vitu vitokanavyo na wanyama, tofauti hii si ndogo. Pakiti ikiandikwa “sukari ya kupambia” tu, au jelatini ikafasiriwa kuwa “kigandishi”, ukweli umefichwa, hata kama hapakuwa na nia mbaya. Kigandishi chaweza kuwa agari itokanayo na mwani, na chaweza kuwa kitokanacho na nguruwe. Kwa hiyo neno “jelatini” libaki kama lilivyo, na lifuatwe na jina la mnyama: jelatini ya ng’ombe, jelatini ya nguruwe.

Vivyo hivyo, yuko mtu ambaye mwili wake haupatani na mayai. Neno “ute” katika jina la aisingi humwonya mapema. Tena ute mbichi unaweza kuwa na bakteria wa salmonela, ndiyo maana wapambaji wengi hutumia ute uliokaushwa na kusagwa, ambao umekwisha kupitishwa katika joto la kuua vijidudu.

6. Mapendekezo

Katika kuunda istilahi, utaratibu unaokubalika ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kukopa kutoka lugha za kigeni. Katika somo letu sehemu kubwa ya haja inatoshelezwa na Kiswahili chenyewe. Vitenzi kukanda, kusukuma, kumimina, kukamua na kubandika viko tayari, navyo ndivyo vinavyotenganisha vitu. Ni nomino chache tu zilizokopwa.

Lilifikiriwa jina “sukari ya kusukuma” badala ya fondanti. Ni jina fupi, lakini si sahihi, kwani kitu chenyewe si sukari peke yake. Isitoshe, wapambaji wa keki mijini wamekwisha kulizoea neno fondanti. Kuwanyang’anya ni kuandika kamusi isiyosomwa. Tunapendekeza basi:

Aisingi: jina la jumla la pambo laini litengenezwalo kwa sukari ya unga.

Aisingi ya ute: aisingi ya ute wa yai na sukari ya unga, ikaukayo na kuwa ngumu.

Biskuti ya sukari: biskuti ya siagi, sukari, yai na unga wa ngano, isiyotiwa ladha kali, ifaayo kukatwa maumbo.

Fondanti ya kumimina: shira iliyochemshwa, ikapoozwa na kukorogwa hadi ikawa nyeupe na nzito.

Fondanti ya kusukuma: donge la sukari ya unga na shira ya glukosi, likandwalo na kusukumwa kuwa tabaka jembamba.

Kikatio: kifaa chenye ukingo mkali cha kukatia maumbo. Limeundwa kwa njia ile ile ya kichujio na kikaangio.

Mfuko wa kukamulia: mfuko wenye tundu nchani, wa kuchorea aisingi.

Shira ya mahindi: shira ya glukosi itokanayo na wanga wa mahindi.

Sukari ya unga: sukari iliyosagwa ikawa laini kama unga, aghalabu yenye wanga kidogo wa kuizuia isigande madonge.

Wanga wa mahindi: unga mweupe laini sana wa wanga uliotengwa na sehemu nyingine za punje.

Istilahi hizi ni mapendekezo, wala si amri. Zitapata nguvu pale walimu watakapozitumia darasani na wapishi watakapoona kwamba zinawasaidia kutofautisha kilichomo bakulini na kilicho juu ya kibao. Wasomaji wenye majina mengine, hasa wale wanaofanya kazi hii kwa mikono yao wenyewe, wanaombwa wayalete pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika. Neno zuri lililoko mtaani lina haki ya kutangulia mbele ya lile lililoundwa mezani.