Sura ya Tano: Mama Yake Alitoka Ukoo Gani?

Anayemtafuta babu wa Kichoctaw huko Oklahoma huanza na daftari. Kati ya 1898 na 1914 tume iliyoitwa kwa jina la Seneta Henry Dawes iliandika majina ya watu zaidi ya laki moja wa mataifa matano ya wenyeji asilia wa Marekani, kila mmoja na namba yake, umri wake na, kwa wengi, kiasi cha damu ya kienyeji walichodhaniwa kuwa nacho. Hadi leo, anayetaka kuhesabiwa raia wa taifa la Choctaw lazima aonyeshe kwamba anatokana na mtu aliyemo humo. Lakini daftari lile halikuandikwa ili wajukuu wapate kuwajua babu zao. Liliandikwa ili ardhi ya jumuiya ikatwe vipande na kugawiwa mtu mmoja mmoja. Watu waliokuwa watumwa wa Wachoctaw, pamoja na watoto wao, waliwekwa katika orodha ya peke yao isiyotaja damu, hata pale baba mtu alipokuwa Mchoctaw anayejulikana na kijiji kizima. Asiyeuliza daftari lilikuwa la kazi gani hupotea huku karatasi anayo mkononi.

Kwetu Mumias, magharibi mwa Kenya, hakuna daftari la namna hiyo, ila swali ni lile lile. Serikali ya kikoloni ilihesabu nyumba ipate kodi, na ikahesabu wanaume ipate vibarua. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwanamke hakupewa kipande. Vitambulisho vya taifa vilianza kuwafikia wanawake mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kukhu wako, yaani bibi yako, aliyezaliwa, tuseme, wakati reli inafika Kisumu, angeweza kuolewa, kuzaa watoto kumi na kuzikwa, na serikali isijue kwamba aliwahi kuishi. Nami nashikilia kwamba huyo huyo ndiye wa kuanza naye.

Wengi huanzia kwingine. Huanzia kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, watu wa jamii ya Waluhya. Mumia wa Shiundu alikalia kiti cha Wawanga kuanzia 1882 hadi alipofariki 1949, na mji uliokuwa ukiitwa Elureko ukachukua jina lake. Waingereza walimfanya chifu mkuu mwaka 1909, na ndugu zake wa baba wakapelekwa kutawala majirani: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Wazee wa Abashitsetse, ukoo wa kifalme, wanaweza kukutajia watawala mmoja baada ya mwingine kurudi nyuma mpaka Wanga mwenyewe, na makaburi ya Eshiembekho kule Matungu yako pale kwa anayetaka kuyaona. Ni urithi mkubwa. Lakini orodha ya wafalme nayo ina kazi yake: huonyesha nani alistahili kiti. Ndugu aliyeshindwa hukatwa, na miaka ya ugomvi hupita kimya. Kama wewe ni wa Abaleka au Abakolwe, orodha hiyo haikuhusu hata ukiikariri usiku kucha. Ndiyo maana kazi ya Profesa Gideon Were inathaminiwa sana. Katika miaka ya 1960 alizunguka Magharibi akiwahoji wazee wa koo nyingi, si wa ikulu peke yao, akachapisha simulizi zao mwaka 1967. Ukibahatika kuukuta ukoo wako humo, una maneno ya mzee ambaye leo hayupo wa kumuuliza.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Waluhya humpa mtoto jina la jamaa aliyekufa, au la majira aliyozaliwa. Wafula na Nafula ni watoto wa mvua, Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Jina la babu humrudia mjukuu, kisha mjukuu wa mjukuu. Mzee akikuambia "Wafula wa Were wa Wafula", hujui kama ni vizazi vitatu, au ni vitano vilivyokunjwa kwa kuwa majina yanafanana. Ongeza na ndoa za wake wengi. Wafula wawili wa baba mmoja, wa nyumba mbili, waliopishana miaka thelathini, huwa mtu mmoja kwenye simulizi ya mjukuu aliyekulia Nairobi.

Kinachowatenganisha ni mama. Huruhusiwi kuoa katika ukoo wa baba yako, wala wa mama yako, na kwa kawaida hata koo za bibi zako hukwepwa. Sheria hiyo imewalazimu wazee kuhifadhi kitu ambacho serikali haikukiandika: kila mke aliyeingia bomani alitoka ukoo gani. Mzee anaweza kusahau mwaka, akasahau hata jina la kuzaliwa la mwanamke, lakini ukoo wake ataukumbuka, kwa sababu posa za wajukuu zinautegemea. Kwa hiyo usiulize "baba yake nani?" ukaishia hapo. Uliza mama yake alitoka ukoo gani, na alikuwa wa nyumba ya ngapi. Wafula wawili watajitenga wenyewe.

Karatasi ya kwanza inayomtaja huyo mama kwa kawaida ni ya kanisa. Mapadre wa Mill Hill walifika Mumias 1904. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vya enzi hizo viliandikwa Kilatini, safu baada ya safu: tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, msimamizi, sahihi ya padre. Usipite haraka pambizoni. Kanisa lilidai ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni ya ubatizo wake, hivyo mstari mmoja mwembamba wa wino mwingine unaweza kukuambia binti huyo aliolewa parokia gani na lini. Majina ya Kiluhya yaliandikwa kama yalivyosikika kwa sikio la Mholanzi au Mwingereza. Yasome kwa sauti ndipo utayatambua. Waislamu wa Mumias, ambao wazee wao walisilimu kutokana na wafanyabiashara wa pwani waliofika enzi za Shiundu na Mumia, hawana vitabu vya ubatizo, na mara nyingi mtu alichukua jina jipya akiacha la ukoo nyumbani. Huko utategemea vyeti vya nikahi na kumbukumbu za msikitini.

Kwenye nyaraka za serikali, jua kwanza mahali palikuwa pakiitwaje. Hadi 1902 Mumias ilikuwa Uganda, katika Jimbo la Mashariki; C. W. Hobley alikaa hapo akiwa ofisa wa himaya ya Uganda, na karatasi za wakati huo ziko Uganda na London. Baadaye tafuta North Kavirondo, halafu North Nyanza, ndipo Kakamega. Makao ya wilaya yalihamia Kakamega 1920. Anayeomba jalada la "Mumias" katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi atarudi mikono mitupu wakati anachokitaka kimelala chini ya jina lingine.

Nyaraka ninazozipenda zaidi ni za juzi tu, na watu huzitupa. Moja ni programu ya mazishi, yenye picha mbele na wasifu ndani: wazazi, ndugu, wake, wakwe, wajukuu, hadi watani. Nyingine ni barua ya chifu katika kesi ya mirathi, inayotaja wajane na watoto wote wa marehemu, mabinti walioolewa wakiwemo. Hiyo hukaa kwenye jalada la mahakama, na tangazo lake hutokea katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kabla ya kwenda kwa chifu, mwone liguru, mzee wa kijiji. Huyo ndiye anayejua nani alitokea nyumba gani.

Kuna jambo ambalo mti wa ukoo hautalisema. Boma la Nabongo lilipokea wageni: Wamaasai wa Uasin Gishu waliompigania, askari wa Kisudani, watu wa pwani. Wengi wao walioa, wakapewa ardhi, na wajukuu wao ni Wawanga kamili wanaohesabu mababu kama wenzao. Kipimo cha vinasaba cha maabara kinaweza kukuonyesha asili ya mbali. Jina la ukoo hakikupi. Wewe muulize mzee, kwa heshima na faraghani, kama kijana wa nyumba hii anaweza kuoa nyumba ile ya ukoo huo huo. Akikataa katakata, ni damu moja. Akisita, kisha akasema hakuna ubaya, vuta kiti ukae, uandike.