Maneno ya kwenye boksi: namna ya kuchagua taa ya kuzamia usiku kwa bei nafuu

Baba yangu mdogo ni mzamiaji katika mwambao wa Uvira. Hana mtungi wa hewa wala vazi la kuzamia. Ana pumzi yake, miwani ya majini na kamba kiunoni. Wavuvi wa ndagala (ndio dagaa kwa msomaji wa Tanzania) hufanya kazi usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazovuta samaki juu. Wavu ukinasa kwenye mawe, huitwa yeye. Mara nyingi ni upande wa kusini kuelekea Makobola, ambako mlima unashuka moja kwa moja ziwani. Huzama mita tano, saba, mara chache nane, ananasua wavu, anapanda.

Mwaka jana alinipigia simu: "Mwanangu, torshi ilinifia mu maji." Ilikuwa tochi ya kawaida, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Ilizimika akiwa chini, mkono mmoja ukiwa ndani ya wavu. Alipapasa kamba, akaifuata hadi juu. Waliokuwa mtumbwini waliona mwanga umetoweka, wakadhani ameuzima mwenyewe ili asimalize betri, na hawakuvuta kamba.

Alikuwa na dola 40 za kununulia taa nyingine. Alizunguka sokoni akanitumia picha za maboksi yenye Kichina, Kiingereza na Kifaransa kibovu. "Wewe unasoma lugha," aliniambia, "nisomee." Nilidhani kazi ni kutafsiri. Kumbe tafsiri ilikuwa sehemu nyepesi. Ugumu ulikuwa kujua kila neno la kwenye boksi linaahidi nini hasa, na linaachia wapi. Makala haya yanaeleza niliyojifunza, kwa yeyote atakayezama usiku katika maji ya joto bila fedha nyingi, na kwa sisi wa kitivo hiki tunaoulizwa kila siku Kiswahili kinaweza kusema nini.

Tochi, torshi, kurunzi

Dar es Salaam wanasema tochi, kutoka Kiingereza. Uvira tunasema torshi, kutoka Kifaransa. Asili ni moja, maana Kiingereza chenyewe kililichukua neno hilo kutoka Kifaransa. Kamusi zinatupa pia kurunzi. Maneno yote matatu yanataja kitu cha kushikwa mkononi, na hakuna hata moja linalosema kitu hicho kinafanya kazi wapi. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hii torshi ni ya maji" hajadanganya; amesema tu jambo lisilokamilika.

Kiswahili kina njia ya kulikamilisha, nayo ni mnyambuliko. Tazama *-zama*. Taa *ya kuzamishwa* ni taa inayoweza kutumbukizwa majini. Taa *ya kuzamia* ni taa ambayo mtu huitumia anapozama. Katika ya kwanza kinachozama ni taa. Katika ya pili ni binadamu, na taa inamtumikia. Boksi nyingi zilizo sokoni zinaahidi ya kwanza, nasi tunasikia ya pili.

Isiyoingiza maji, mpaka wapi?

Kifaransa kina *étanche*, Kiingereza kina *waterproof*. Kwetu matangazo huandika "isiyopenya maji". Kisarufi kirai hicho kina utata: "taa isiyopenya maji" yaweza kueleweka kuwa taa ambayo mwanga wake haupenyi majini, yaani taa mbovu kabisa kwa kazi yetu. *Isiyopenyeza* au *isiyoingiza maji* ni wazi zaidi. Hata hivyo, neno hili hata likinyooka bado halina kipimo.

Kipimo kimo kwenye alama ndogo inayoanza na IP, iliyowekwa na Tume ya Kimataifa ya Elektroteknolojia. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ukiona X mahali pa tarakimu ya kwanza, maana yake si sifuri. Ni kwamba jambo hilo halikutajwa. Kwa maji, hizi ndizo utakazokutana nazo:

IPX4: inahimili kurushiwa matone. Ni taa ya mvuani.

IPX7: inahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Ni taa ya mtu aliyeiangusha majini akaiokota.

IPX8: inahimili kuzamishwa mfululizo zaidi ya hapo, kwa masharti ambayo mtengenezaji mwenyewe anapaswa kuyataja.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. IPX8 bila mita ni kama kitenzi elekezi bila yambwa: "Yeye amekata." Amekata nini? Boksi tatu kati ya tano alizonitumia baba mdogo zilikuwa na IPX8 peke yake. Tukaziweka kando. Taa ya kuzamia huandikwa mita zake: 30, 50, 100. Kwa anayeshuka mita nane, iliyoandikwa 30 au zaidi inatosha, kwa sababu maji yanayotulia kwenye jaribio si sawa na maji yanayosukumwa na mkono unaovuta wavu.

Kwa nini mfuko wa plastiki ulishindwa? Kila mita kumi za maji huongeza uzito wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye mita saba, kioo cha taa chenye kipenyo cha sentimita nne hubeba karibu kilo tisa. Hewa iliyofungwa mfukoni nayo husinyaa ikabaki kama sita ya kumi ya ilivyokuwa, plastiki hubanwa kwenye tochi, na maji hutafuta njia kwenye fundo.

Lumeni na kandela

Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, kila upande. Kandela hupima ukali wa mwanga huo katika mwelekeo mmoja. Taa mbili zenye lumeni sawa zaweza kutofautiana sana: moja inamwaga mwanga wote kama karabai, nyingine inaukusanya kuwa mwali mwembamba. Kandela, kwa njia, si mgeni kabisa kwetu. Ni neno la Kilatini, na ndilo lililopita Kigiriki na Kiarabu hadi likatufikia kama *kandili*. Tulikuwa na jamaa yake nyumbani kabla ya wanafizikia kutuletea huyu wa pili.

Majini tofauti hii inaamua kila kitu. Baada ya mvua, Ruzizi na mito inayoshuka mjini kama Mulongwe na Kalimabenge huleta matope. Chembe za udongo hurudisha mwanga machoni pa mzamiaji, kama taa za gari kwenye ukungu wa barabara ya Ngomo: ukiongeza mwanga unaona ukuta mweupe. Mwali mpana huwasha chembe zote zilizo mbele yako, ilhali mwali mwembamba, wa nyuzi kumi hivi, huwasha chache na kufika mbali. Mwali mpana sana, wa nyuzi mia na zaidi, hufaa kupiga video kwenye maji maangavu. Kwa kunasua wavu, chagua mwembamba.

Kuhusu rangi, maji humeza wekundu kwanza. Katika maji safi ya mchana, ukifika mita kumi nyekundu imekwisha karibu yote. Usiku mwanga wote ni wa taa yako, kwa hiyo kinachohesabiwa ni safari ya kutoka taani hadi kwenye kitu na kurudi jichoni. Kamba nyekundu iliyo mita moja mbele yako itaonekana nyekundu hata ukiwa chini mita nane. Hiyo ni sababu nyingine ya kutofukuza lumeni nyingi, maana mzamiaji wa aina hii hutazama vilivyo karibu na mkono. Lumeni 800 hadi 1,000 zinamtosha.

Hesabu ya kumkamata mwongo

Boksi moja iliandika lumeni 10,000, kwa betri moja ya aina ya 18650. Tupige hesabu. Betri nzuri ya aina hiyo ina volti 3.6 na miliampia-saa kama 3,000, yaani nishati ya karibu wati-saa 11. Taa ya LED ya mkononi hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati, tuchukue 120. Lumeni 1,000 zinahitaji wati 8 na kidogo, na betri itadumu takriban saa moja na robo. Hilo linawezekana. Lumeni 10,000 zingehitaji wati 83, na betri ingekwisha kabla ya dakika nane, kama isingeungua kwanza. Hakuna haja ya maabara kujua kuwa boksi hilo linasema uongo.

Vivyo hivyo kwa betri yenyewe. Ukiona 18650 imeandikwa miliampia-saa 9,900, iache. Nyingi za kweli zilizo sokoni huishia karibu 3,500.

Mwili wa taa

Maji huingia palipo na mlango, kwa hiyo hesabu milango. Taa inayochajiwa kupitia tundu lenye kifuniko cha mpira ina mlango wa ziada. Inayofunguliwa na kutolewa betri ina mmoja tu. Swichi ya kubonyeza ina tundu nyuma yake. Swichi ya sumaku, ile inayozungushwa au kusogezwa juu ya mwili wa taa, haina tundu, maana nguvu ya sumaku hupita kwenye mwili wa alumini au plastiki. Kuna pia taa zinazowashwa kwa kukaza kichwa chake. Ziepuke: ukikilegeza majini ili kuizima, umeanza kuifungua.

Mlango uliobaki hulindwa na ringi ya mpira. Zikiwa mbili ni bora kuliko moja. Zipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Mafuta ya kujipaka huvimbisha aina fulani za mpira. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga chini ya ringi inatosha kuijaza taa maji.

Hapa ziwa letu linatupunguzia gharama. Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatulipii kinga ya kutu ya bahari. Adui wetu ni mchanga. Na ingawa Kiswahili kinayaita baridi, ni ya joto: karibu nyuzi 25 au 26. Betri haipotezi nguvu kwa ubaridi, na mzamiaji hana glovu, kwa hiyo swichi ndogo si tatizo. Joto huwa tatizo nje ya maji tu. Taa ya kuzamia hupozwa na maji. Ukiiwasha kwa nguvu zote juu ya mtumbwi itachemka.

Mbili badala ya moja

Wazamiaji waliofunzwa hubeba usiku taa mbili: kuu na ya akiba. Kwa hiyo nilimshauri baba mdogo azigawe zile dola 40. Alinunua taa mbili zinazofanana, dola 18 kila moja, zilizoandikwa lumeni 1,000 na mita 50, zenye swichi ya sumaku na ringi mbili. Dola nne zilizobaki zilikwenda kwenye grisi na kamba za mkononi.

Hatukuziamini. Alizijaribu kwanza bila betri: akaweka kipande cha karatasi laini ndani, akafunga kila moja kwenye jiwe, akaishusha kwa kamba mita kumi na tano akiwa mtumbwini mchana, akaiacha nusu saa. Karatasi ya kwanza ilitoka kavu. Ya pili ilikuwa na doa la unyevu pembeni. Akafungua, akakuta punje ya mchanga, akasafisha, akarudia. Ikatoka kavu.

Lililobaki lilikuwa kati yake na wavuvi. Usiku ule wa kwanza giza lilikuwa na maana mbili, "nimezima" na "imezimika", na waliokuwa juu walichagua maana isiyo sahihi. Sasa wamekubaliana. Mduara mkubwa wa polepole ni "niko sawa". Kutikisa taa haraka kushoto na kulia ni "nina shida". Hizo ndizo ishara za wazamiaji popote duniani. Ya tatu wameitunga wenyewe: hazimi taa akiwa chini, kwa sababu yoyote ile. Mwanga ukitoweka na wa pili usitokee hadi mtu ahesabu kumi, kamba inavutwa.

Taa haiwafukuzi mamba wala viboko, na karibu na mdomo wa Ruzizi hazami usiku, hata kwa malipo gani. Lakini mwezi uliopita taa moja ilimzimikia tena, betri ikiwa imechoka. Aliwasha ya pili. Mtumbwini, aliniambia, walikuwa wamefika sita.