Naomba ya Magoti: Maswali Yanayotangulia Kidonge

Mzee anaegemea kaunta ya duka la dawa. Anapewa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anaweka mezani kipande cha pakiti ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi. "Mwanangu, naomba ya magoti. Kama hizi." Kipande hakina jina kamili wala tarehe ya mwisho wa matumizi, ila mfamasia anaitambua dawa: diklofenaki. Noti ya elfu mbili iko tayari mkononi mwa mzee. Biashara hii ingeweza kuisha ndani ya nusu dakika.

Mfamasia haipokei ile noti kwanza.

"Baba, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

"Hakuna."

"Presha je? Sukari?"

"Aa, za presha nameza kila siku. Huu mwaka wa sita."

Mzee hakudanganya. Kwa watu wengi, dawa ni kile unachomeza ukiumwa. Kidonge cha presha kilichomezwa kila asubuhi kwa miaka sita kimeshakuwa kama chai. Ndivyo ilivyo pia kwa mitishamba ya kwenye chupa ya soda, vidonge vya uzazi wa mpango na unga wa nguvu alioleta jirani. Ukiuliza "unatumia dawa?" utajibiwa hapana. Ukizitaja moja moja, orodha inaanza kujaa. Kuuliza namna hii ni sehemu ya utaalamu wa mfamasia, na mteja asiyeulizwa huondoka na hatari ambayo hakuna aliyeiona.

Hatari ya mzee huyu ni hii. Diklofenaki, kama ilivyo ibuprofeni, hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Zikizuiwa siku baada ya siku, tumbo linaweza kupata vidonda na hata kuvuja damu, presha inaweza kupanda licha ya vidonge vyake, na figo zinaweza kuelemewa. Hatari huongezeka zaidi iwapo dawa zake za presha ni pamoja na zile za kukojosha. Figo haziumi zinapoanza kuharibika. Mzee angeendelea kushukuru kwamba magoti yametulia.

Nchini Tanzania, duka la dawa ndilo kituo cha kwanza cha matibabu kwa watu wengi. Liko mtaani na liko wazi hadi usiku. Halidai fedha ya kumwona daktari, wala hakuna foleni ya kufungua faili. Serikali iliutambua ukweli huo ilipoanzisha mpango wa maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale yaliyokuwa yakiitwa maduka ya dawa baridi. Watoa dawa walipewa mafunzo, na maduka yakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwemo antibayotiki chache. Wazo lilikuwa jema: kwa kuwa watu wataanzia dukani, basi dukani wamkute mtu anayejua. Leo Baraza la Famasi linasimamia taaluma na maduka yenyewe, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inadhibiti usalama na ubora wa dawa. Lakini hakuna mkaguzi anayesimama kaunta saa mbili usiku mteja anapoomba "nusu dozi". Aliyepo ni mfamasia au mtoa dawa.

Hiyo nusu dozi ndiyo inayowaumiza vichwa wataalamu kuliko maombi mengine yote. Mtu ana kikohozi, anakumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyomponya mwaka jana, anaomba vya elfu moja. Mara nyingi kikohozi na mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ikimezwa gunia zima. Inachofanya ni kupita kwenye bakteria wa mwilini, kuwaua walio dhaifu na kuwaacha wale walioweza kuhimili. Hao wanazaliana. Siku ugonjwa wa bakteria utakapokuja kweli, kwenye mapafu au kwenye kidonda cha upasuaji, dawa ileile inaweza isifanye kazi. Hali hiyo inaitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kwa mwaka 2019 peke yake watafiti walikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani.

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa dawa kushindwa, maana malaria imeshatoa fundisho hilo mara mbili. Klorokwini, iliyowahi kuwa dawa ya kila nyumba, iliondolewa kwenye nafasi ya kwanza ya matibabu mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikadumu miaka michache tu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kupisha dawa mseto. Sasa watafiti wamethibitisha huko Karagwe, mkoani Kagera, kuwepo kwa vimelea vinavyochelewa kufa vikikutana na dawa ya jamii ya artemisinini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya mseto. Mseto bado unaponya. Usugu una sababu nyingi, na mojawapo iko mikononi mwa mgonjwa: vidonge sita vinavyobakizwa kabatini kwa sababu homa imeshuka.

Ndiyo maana maelezo ya dozi hayapaswi kuwa ya haraka haraka. Dozi ya mseto ya artemeta na lumefantrini kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa kila mkupuo. Ukianza saa mbili usiku, mkupuo wa pili ni baada ya saa nane, yaani saa kumi alfajiri, wakati ambao kila mtu angependa kulala. Wa tatu ni saa mbili usiku unaofuata, kisha kila baada ya saa 12 hadi viishe. Tena vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri mwilini. Mgonjwa aliyemeza vyote 24 kwa chai ya rangi amemaliza dozi kwa hesabu, lakini huenda damu yake haikupata dawa ya kutosha. Na kabla ya yote hayo kuna kipimo, kwa sababu si kila homa ni malaria.

Hata maandishi mafupi juu ya kibahasha cha dawa yanahitaji mkalimani. "1×3" kwa aliyesomea maana yake ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Wapo wanaosoma vitatu kwa mara moja. Wengine wanaelewa asubuhi, mchana na jioni, wanameza saa mbili, saa saba na saa kumi na mbili, kisha mwili unakaa saa 14 bila dawa. Kwa antibayotiki ya kila baada ya saa nane, mfamasia makini hutaja saa zenyewe: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku.

Yapo makosa mengine yanayojificha kwenye dawa zinazoonekana hazina neno. Parasetamoli ni salama ikitumiwa kwa kipimo, lakini mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu nne, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, ndani ya saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza vidonge vya kichwa na vya mafua kwa pamoja anaweza kuvuka mpaka huo bila kujua, na kiungo kinachobeba mzigo ni ini. Msichana anayetumia P2 kila mwezi akidhani ni uzazi wa mpango hajaambiwa kwamba ni dawa ya dharura, au kwamba dawa ya kifua kikuu kama rifampisini inaweza kuidhoofisha. Na mama anayeomba Flagyl kwa ajili ya mtoto anayeharisha majimaji, mara nyingi anachohitaji ni pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto huyo akiwa amelegea, hawezi kunyonya, ana damu kwenye choo au degedege, dawa bora ambayo duka linaweza kutoa ni bodaboda ya kumfikisha kituo cha afya sasa hivi.

Kusema hivyo kuna gharama. Mfamasia anayekataa kuuza antibayotiki bila cheti anamwona mteja akivuka barabara kwenda duka la pili, ambako hataulizwa chochote. Mwenye duka anahesabu mauzo ya siku. Nyuma ya mteja wamesimama watu wanne wanaosikia kila neno, na kijana mwenye dalili za gono hawezi kueleza mbele yao kwamba mwenza wake hajatibiwa. Pazia, kona ndogo au kiti kimoja pembeni hubadilisha mazungumzo hayo kabisa. Mteja naye anaweza kusaidia: aje na dawa zake zote kwenye mfuko, aseme kama ana ujauzito au ananyonyesha, ataje uzito wa mtoto, aulize dawa inatibu nini na afanye nini ikimletea vipele au kichefuchefu. Duka linaloudhika kwa maswali hayo si duka la kurudia.

Yule mzee hakuuzwa diklofenaki. Amepimwa presha, ikaonekana iko juu, na ameandikiwa kwenye karatasi namba zake za kupeleka kliniki. Amepewa parasetamoli, viwili viwili kutwa mara tatu. Kabla hajaondoka, mfamasia anamwomba jambo moja la mwisho: "Baba, hebu nieleze mimi. Ukifika nyumbani utazitumiaje?"

Mzee anahesabu kwa vidole. "Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Na zile za presha nazisimamisha kwanza mpaka hizi ziishe, zisije zikagongana."

Hakuna aliyemwambia asimamishe dawa za presha. Alilijaza mwenyewe pengo hilo, kimyakimya, wakati akisikiliza. Mfamasia anarudisha karatasi kaunta, anaongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa, na wanaanza kuhesabu upya, safari hii pamoja na kile kidonge cha kila asubuhi.