Makumbusho ya Majimaji na Mafunzo ya Lugha Vyuoni

Mjini Songea, karibu na kaburi la pamoja la viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, pana jumba la makumbusho ya Vita vya Majimaji, lililofunguliwa mwaka wa 1980. Walimu wa historia hupeleka wanafunzi wao huko, nao hufanya vyema. Mwalimu wa lugha haonekani sana, kana kwamba mikuki na ngao havina majina.

Litazamwe neno moja tu, nduna. Mwanafunzi hulikuta katika habari za Songea Mbano, nduna ambaye mji umepewa jina lake. Kizulu husema induna, na wingi wake izinduna. Wangoni walitoka nalo kusini katika safari yao ndefu ya karne ya 19. Lugha yao ya kwanza ikafifia kati ya lugha za watu waliowakuta Ruvuma, lakini neno la utawala halikufifia, wala nkosi, mkubwa wa nduna. Katika Kiswahili limepoteza irabu ya mwanzo, na wingi umekuwa manduna, mfano wa maakida na majumbe; hata hivyo husemwa manduna hawa, wala si manduna haya. Somo zima la ngeli limo humo.

Mwaka wa 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita vile. Wazee wale hawapo tena, ila wajukuu wapo. Yafaa mwanafunzi wa ualimu aulize kila chombo kinaitwaje kwa Kingoni, na aandike matamshi kabla ya tafsiri, kwani aanzaye na tafsiri husikia alilolitazamia tu.

Tena si yote yamo kabatini. Songea Mbano alizikwa peke yake, na jamaa zake husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha hapo Songea, akaahidi msaada wa kukitafuta. Kwa habari hiyo hakuna chombo cha kuonyeshwa, yapo maneno matupu. Nayo huulizwa nyumbani kwa ukoo, kwa idhini yao, kabla mwanafunzi hajafungua daftari.