Je, Wajua? Deni la Porsche Lililolipwa Mombasa

Mwaka 1974 Mswidi Björn Waldegård, akiendesha Porsche 911, alimaliza mbio za magari za Safari Rally akiwa wa pili nyuma ya Mkenya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Porsche haikuwahi kushinda Safari ile ya asili. Lakini mwaka 2011, akiwa mzee wa miaka 68, Waldegård alirudi na 911 kuukuu, mwanawe Mathias akimsomea njia, wakashinda Safari Classic ya magari ya zamani iliyoishia Mombasa.

Ukiyakuta magari kama hayo ya Safari yamepangwa, usiishie kupiga picha. Tazama taa zilizochomoza kwenye madigadi: ziliwashwa hata mchana kweupe ili watu na ng'ombe wapishe. Honi pekee haikutosha!